Diski Inaposema "Tayari"

Diski ya sahani iliyozoeleka kwenye kompyuta za mezani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde. Unapofungua faili, sahani hiyo hulazimika, kwa wastani, kuzunguka nusu mzunguko kabla data unayoitaka haijafika chini ya kichwa cha kusomea. Hizo ni milisekunde 4 na ushei, na hatujahesabu muda wa mkono wa diski kusogea. Kwako ni kitu kisichohisika. Kwa prosesa ya gigahezi 3, ni zaidi ya mapigo milioni 12 ya saa yake, ambayo yangepotea bure kama ingekaa kuisubiri diski.

Ndiyo maana draiva, ile programu inayokaa kati ya mfumo endeshi na kifaa, haisubiri. Inafanya kama mtu aliyepeleka nguo kwa dobi: anaacha mzigo, anapewa namba, anaendelea na shughuli zake. Diski ikimaliza, huikatiza prosesa kuiambia kuwa kazi iko tayari. Maelezo mengi huishia hapo, na msomaji hubaki akidhani ugumu wote uko kwenye kasi. Lakini kutuma ombi ni rahisi. Kazi iko katika muda ule ombi limeshatoka mkononi mwako na jibu halijarudi: ni nani mwenye mamlaka juu yake?

Tuangalie SSD, diski zisizo na sahani, zinazotumia NVMe, kiwango kilichotolewa mwaka 2011. Ndani ya RAM, draiva na kifaa hutumia foleni mbili kwa pamoja, moja ya maombi na nyingine ya majibu, zote zikiwa za duara: ukifika mwisho unarudi mwanzo. Ombi moja lina ukubwa wa baiti 64. Linataja kazi yenyewe, kama kusoma au kuandika. Mahali pa kuanzia kwenye kifaa. Anwani ya RAM ambako data iwekwe au ichukuliwe. Na namba ya utambulisho. Draiva ikishaliweka kwenye foleni huandika kwenye rejista ya kifaa iitwayo kengele, na kazi yake kwa wakati huo imekwisha. Kifaa hulichukua ombi, husafirisha data hadi RAM chenyewe bila kuisumbua prosesa, kisha huandika jibu la baiti 16 lenye namba ileile. Namba ni ya lazima kwa sababu majibu hayafuati mpangilio wa maombi. Ombi la saba linaweza kujibiwa kabla ya la kwanza.

Lakini draiva inajuaje kwamba jibu inaloliona kwenye duara ni jipya, si mabaki ya mzunguko uliopita? Kila jibu lina biti moja ambayo hugeuzwa kila duara linapokamilika: mzunguko huu ni 1, unaofuata ni 0. Biti moja tu! Yako mambo mengi yanayosifiwa katika kompyuta ambayo hayana hata nusu ya werevu huu.

Zamani foleni zilikuwa finyu. Diski za SATA zilizotumia utaratibu wa AHCI zilikuwa na foleni moja ya maombi 32. NVMe inaruhusu foleni za kazi hadi 65,535, kila moja ikiwa na nafasi hadi 65,536. Linux yenyewe ilibidi ifumuliwe, maana maombi yote yalipita kwenye foleni moja yenye kufuli moja, na prosesa zenye viini vingi zikawa zinagombea mlango huo mmoja. Jens Axboe na wenzake waliandika mfumo mpya wa foleni nyingi ulioingia kwenye toleo la 3.13, Januari 2014; ule wa zamani ukaondolewa kabisa katika toleo la 5.0 mwaka 2019. Mwaka huohuo ikaja io_uring, inayozipa programu za kawaida mtindo uleule wa foleni mbili.

Turudi kwenye mamlaka. Tuseme ombi limetumwa na jibu halirudi. Draiva ya NVMe kwenye Linux, isipobadilishwa mpangilio, husubiri sekunde 30. Baada ya hapo, akili ya kawaida ingesema: tangaza kosa, iachie ile sehemu ya RAM, maisha yaendelee. Hilo ndilo jambo baya kuliko yote unayoweza kufanya. Huenda kifaa hakijafa, kimechelewa tu, na anwani uliyokipa bado kinayo. Kikizinduka kitaandika data palepale, ambapo sasa huenda pamepewa programu nyingine: hesabu za mshahara, au barua ya mtu. Hakuna kengele itakayolia. Data itaharibika kimyakimya, na kosa litaonekana baada ya wiki mbili mahali pasipohusiana kabisa.

Kwa hiyo draiva makini hukiomba kwanza kifaa kilifute ombi. Kisipotii, hukizima na kukiwasha upya. Ikishakuwa na hakika kwamba kifaa hakina tena njia ya kuigusa RAM ile, ndipo huirudishia programu kosa. Muda wote huo programu iliyoomba inaweza kuganda katika hali ambayo Linux huionyesha kwa herufi D, na hata amri ya kuilazimisha ife, kill -9, haiisogezi. Wasimamizi wa seva huilaani D hiyo. Mimi naitetea: ni afadhali programu iliyoganda kuliko data iliyoharibika pasipo mtu kujua.

Kuna pia mbio. Sekunde ya 30 inapotimia, jibu lenyewe linaweza kuwa ndiyo linaingia. Kiini kimoja cha prosesa kinataka kulitangaza ombi kuwa limeshindwa, kingine kinataka kulitangaza limefaulu. Vikilishughulikia vyote viwili, mfumo unaweza kuanguka. Linux hutatua hilo kwa kuruhusu hali ya ombi ibadilishwe mara moja tu, kwa hatua isiyogawanyika. Kilichowahi ndicho chenye kazi, kingine kinajiondoa. Kwenye Windows, draiva inayokusudia kujibu baadaye hutakiwa kuliwekea ombi alama kwamba linasubiri, kisha isiliguse tena ikishalikabidhi, kwani linaweza kukamilishwa na upande mwingine hata kabla sehemu iliyolituma haijamaliza kurudi. Wanaoanza kuandika draiva hujikwaa sana hapa: hawaamini kwamba jibu linaweza kumtangulia aliyeuliza.

Sasa neno lenyewe, "tayari". Programu ikiandika faili kwa njia ya kawaida, huambiwa tayari data ikishafika kwenye RAM tu. Kwa mpangilio wa kawaida wa Linux, data hiyo yaweza kukaa humo sekunde 30 hivi kabla ya kuhesabiwa kuwa imezeeka na kupelekwa diskini. Hata ikifika, vifaa vingi vina hifadhi yao ya muda, na husema tayari data ingali humo. Umeme ukikatika dakika hiyo, na Dar es Salaam au Nairobi hilo si jambo geni, data imekwenda, ila kwa SSD zilizowekewa kapasita za kumalizia kazi. Wito uitwao fsync upo kwa ajili hiyo: hudai data itoke RAM, itoke na kwenye hifadhi ya muda ya kifaa, ikae mahali pa kudumu.

Na huo nao una mtego. Mwaka 2018 watengenezaji wa hifadhidata ya PostgreSQL waligundua kwamba walikuwa wameuelewa vibaya. Kuandika kukishindwa, Linux ilitoa kosa mara moja tu, kisha ikaihesabu data ile kuwa imeshaandikwa. PostgreSQL ikirudia fsync iliambiwa mambo ni sawa, ilhali data haikufika popote. Tangu matoleo ya Februari 2019, fsync ikishindwa PostgreSQL hujizima yenyewe na kujijenga upya kutoka kwenye kumbukumbu za miamala yake. Uamuzi mkali, lakini sahihi.

Tabia hii ya kusema "tayari" kabla ya wakati utaikuta hata kwenye flashi unayochomeka steshenari ili kuchapisha barua. Tangu toleo la 1809, Windows 10 huwa haiweki data ya flashi kwenye hifadhi ya muda isipokuwa umeiagiza, ingawa bado hupaswi kuchomoa wakati uandishi unaendelea. Kwenye Linux, upau unaweza kuonyesha kwamba kunakili kumekwisha huku sehemu kubwa ya faili ingali kwenye RAM. Basi bonyeza amri ya kutoa kifaa, subiri uambiwe ni salama, ndipo uchomoe. Na wewe unayeandika programu za kutunza fedha au rekodi za wagonjwa: kagua jibu la fsync kila mara, na likirudi na kosa, usiite tena fsync ukitumaini jibu zuri zaidi.