KALAMU IMEINULIWA, LAKINI NANI AMTAZAMAYE MTOTO?

Mabasi yatokayo katikati ya mji wa Nairobi kwa Barabara ya Ngong hayapiti Adams Arcade bila ya kushusha watu. Maduka haya, yaliyochukua jina la mfanyabiashara Abdul Habib Adam, yamekaa baina ya dunia mbili. Upande mmoja ni Kilimani, penye maghorofa na nyumba za nyua. Upande wa pili ni Woodley, kisha soko la Toi, kisha Kibera pamoja na Makina, mtaa wa ndugu zetu Wanubi, ambako adhana husikika kama isikikavyo Kibokoni au Langoni. Na pande hizo hizo za Kibera ndiko iliko mahakama.

Natuseme watoto wawili wa miaka 13, mmoja wa Kilimani na mmoja wa Kibera, wameshikwa kwa kosa moja la kuvunja duka usiku. Wa Kilimani atakuja na wakili, na wakili atakuja na karatasi ya mtaalamu wa saikolojia aliyekaa na mtoto, akamsikiliza, akampima. Wa Kibera atakuja na mama yake, na mama atakuja na machozi. Sheria ni moja kwa wote wawili. Lakini hakimu atamjua mtoto mmoja, na mwengine atamwona tu. Basi makala haya ni ya karatasi hiyo: ni kitu gani, yatafuta nini, na kwa nini mzazi wa Kiislamu, awe wa Makina au wa Majengo, haifai aiogope.

UMRI NA AKILI

Zamani sheria ya Kenya ilianza mapema mno. Mtoto wa miaka 8 aliweza kushtakiwa, ikithibitishwa kwamba alijua alifanyalo ni baya. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 iliupandisha umri huo hadi miaka 12. Si hivyo tu. Yasema pia kwamba mtoto aliye chini ya miaka 14 achukuliwe kuwa hawezi kupambanua jema na ovu, mpaka mahakama iridhike kwa ushahidi kwamba aweza. Msomaji na alitue neno hilo: ushahidi. Haitoshi askari kusema, "Huyu mjanja huyu." Haitoshi kwamba mtoto ana kimo cha mtu mzima au sauti yake imekwisha kuvunjika.

Kwetu sisi swali hili si geni. Katika hadithi aliyoipokea Abu Daud, Sayyidna Umar aliletewa mwanamke mwenye wazimu aliyezini. Akashauriana na watu, kisha akaamuru apigwe mawe. Sayyidna Ali akawapitia njiani, akauliza kisa chake, akawaambia wamrudishe. Akamkumbusha Amiri wa Waumini kwamba kalamu imeinuliwa kwa watu watatu: aliyelala hadi aamke, mtoto hadi abaleghe, na mwenye wazimu hadi akili imrudie. Sayyidna Umar akamwachilia mwanamke yule, huku akitoa takbiri. Hukumu ilikuwa imekwisha kutolewa, na watu wamekwisha kushauriwa. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kusimama na kuuliza, huyu ni nani?

Kadhalika Qur'ani, katika Suratun-Nisaa aya ya 6, haikuridhika na umri peke yake. Mayatima wajaribiwe mpaka wafikie umri wa kuoa, na mali yao wasikabidhiwe ila walezi wameona kwao rushdi, yaani upevu wa akili. Baleghe ni jambo la mwili: lina dalili zake, na katika madhehebu yetu ya Shafii, zisipoonekana, hutimia kwa miaka 15 ya Kiislamu. Rushdi ni jambo la akili, nalo halionekani mpaka litafutwe. Sisemi kwamba mizani ya fikihi na mizani ya mahakama ya serikali ni moja. Lakini ikiwa mali ya yatima yahitaji mtihani, seuze uhuru wa mtoto?

MASWALI MATATU

Watu wengi hudhani kwamba mtoto akipelekwa kwa mtaalamu wa saikolojia, basi ameitwa mwendawazimu. Sivyo. Mtaalamu ana maswali matatu, na kila moja lina mlango wake.

La kwanza: je, mtoto aweza kuifuata kesi yake? Aelewa ameshtakiwa nini, wakili ni nani, hakimu ni nani? Washtakiwa wa mauaji jijini Nairobi hupelekwa hospitali ya Mathari kabla ya kujibu mashtaka, na Mombasa hupelekwa Port Reitz, ili jambo hili lijulikane. La pili: siku ile ya tukio, alifahamu kiasi gani cha alilolifanya na matokeo yake? La tatu: ahitaji nini ili asirudie? Hili la tatu ndilo lisahauliwalo, nalo ndilo lenye faida kwa mtoto na kwa mwenye duka lililovunjwa.

Ili ayajibu, mtaalamu huzungumza na mtoto zaidi ya mara moja. Humwuliza mzazi, mwalimu wa skuli na, akiwa mwerevu, mwalimu wa chuo. Hupima kusoma kwake, kumbukumbu yake na jinsi avumiliavyo hasira. Hutaka kujua kama aliwahi kuanguka na kuumia kichwa, kama hupigwa nyumbani, kama ameonja unga. Hata maradhi ya utotoni yana habari. Watafiti wa KEMRI huko Kilifi wameonyesha kwamba baadhi ya watoto walionusurika malaria iliyopanda kichwani hubaki na kifafa, au udhaifu wa kumbukumbu na usemi. Mtoto wa namna hiyo akiulizwa jambo moja mara mbili akajibu namna mbili, askari atasema ni mwongo. Mtaalamu atauliza kwanza kama akumbuka.

KIPIMO CHA NANI?

Hata hivyo, elimu hii nayo ina historia, na Nairobi yaijua. Daktari J. C. Carothers aliisimamia hospitali ya Mathari tangu 1938 hadi 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika, ambamo alimfananisha Mwafrika na Mzungu aliyepasuliwa ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikatoa maandishi yake juu ya Mau Mau, ambamo madai ya watu ya ardhi na uhuru yaligeuzwa kuwa maradhi ya nafsi. Hilo ndilo litokealo mpimaji asipowasikia awapimao.

Vipimo vyenyewe aghalabu hutungwa ng'ambo. Mwaka 2001 Robert Sternberg na wenzake walieleza habari za watoto wa miaka 12 hadi 15 wa Usenge, kando ya Ziwa Victoria. Watoto waliozijua sana dawa za mitishamba za kwao walielekea kupata alama za chini katika mitihani ya msamiati wa skuli. Mwenye karatasi ya skuli mkononi angewaita wazito. Mamaye mgonjwa angewaita tabibu.

Na sisi watu wa pwani tuna letu. Mtoto wetu amefunzwa kuinamisha macho mbele ya mkubwa na kuitika "naam" hata kabla swali halijamalizika. Adabu hii, mbele ya mpimaji asiyeijua, huweza kusomwa kuwa ni kuficha jambo, na zile "naam" zake kuwa ni kukiri. Mtoto wa Makina azungumzaye Kinubi nyumbani na Sheng njiani huulizwa maswali mazito kwa Kiingereza, kisha huandikwa kwamba hafahamu.

Lakini dawa yapatikana. Mwaka 2008 Amina Abubakar na wenzake walitangaza matokeo ya kipimo cha makuzi ya watoto wadogo kilichotengenezwa Kilifi kwa mambo ya Kilifi. Hicho si cha mahakamani, wala si cha vijana; ila kimethibitisha kwamba kipimo chaweza kuzaliwa hapa, kwa lugha ya hapa. Na tangu Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, kazi hii ina bodi yake ya kuisimamia.

KAZI YA MZAZI

Wapo watakaosema: mtoto ashikaye panga si mtoto tena. Kauli hii twaisikia sana Kisauni na Mji wa Kale, na asemaye huenda ana kovu mwilini; haifai kumpuuza. Jawabu ni kwamba uchunguzi si msamaha. Mtaalamu huenda akaona kwamba kijana alijua vyema alitendalo, na aeleze hivyo. Mwenye miaka 15 hadi 17 aweza kupelekwa Borstal ya Shimo la Tewa kwa muda usiozidi miaka mitatu. Lakini Katiba ya 2010, ibara ya 53, yataka kumfungia mtoto kuwe ni njia ya mwisho, kwa muda mfupi ufaao, naye atengwe na watu wazima. Hakimu atajuaje kama njia nyengine zimekwisha, ikiwa hakuna aliyemtazama mtoto?

Basi mzazi na aache kuficha. Tumezoea kusitiri aibu ya nyumba, na sitara ni jambo jema. Lakini kifafa kilichofichwa hakimsaidii mtu kizimbani. Akienda mahakamani na achukue kadi ya kliniki, ripoti za skuli, na jina la mwalimu wa chuo aliye tayari kuulizwa. Amwombe hakimu ripoti ya mtaalamu. Aombe mkalimani, hata kama mtoto adai kwamba aelewa.

Nasi tusio na kesi tuna letu la kufanya. Kamati zetu za misikiti hazishindwi kuchangia arusi wala mazishi. Toka Makina hadi Mombasa, zaweza pia kumchangia mtoto wa maskini aliyesimama mbele ya hakimu bila ya mtu wa kumweleza, ili karatasi ile isiwe ni haki ya wale wa upande mmoja wa barabara tu.