Bushi Mpya Zimechanika Upesi: Kosa ni la Duka au la Spana?

Datsun 240Z si gari geni Afrika Mashariki. Gari hili la spoti kutoka Japani lilishinda Safari Rally mwaka 1971, Edgar Herrmann akiwa kwenye usukani, na tena mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta. Leo yaliyobaki yana miaka 50 na zaidi. Injini unaweza kuifufua, lakini mpira wa bushi ukishazeeka, dawa yake ni kubadilisha tu.

Jamaa yangu mmoja analo. Alinunua bushi mpya za mbele, akazifunga mwenyewe nyumbani. Miezi michache baadaye zilikuwa zimechanika, usukani unacheza, tairi zinalika upande mmoja. Akaja juu: "Nimeuziwa feki!" Feki zipo, hatukatai. Ila nilipomuuliza boliti alizikaza gari likiwa limekaaje, akajibu, "Si juu ya stendi, magurudumu yananing'inia?" Hapo nikaanza kulionea huruma duka.

Bushi ni nini hasa? Ni mabomba mawili mafupi ya chuma, moja ndani ya jingine, na katikati yake kuna mpira uliogandishwa kwenye yote mawili. Bomba la nje linakaa kwenye mkono wa chuma unaoshika gurudumu. La ndani linabanwa na boliti upande wa bodi. Wengi tunadhani bomba la ndani linazunguka kama bawaba ya mlango. Hapana! Boliti ikishakazwa, halizunguki. Mkono unapopanda na kushuka, mpira wenyewe ndio unaojisokota, kisha unarudi.

Sasa tupige hesabu. Tuseme gurudumu likining'inia, mkono unashuka nyuzi 15 kutoka mahali unapokaa gari likiwa chini. Ukikaza hapo, sifuri ya mpira inakuwa huko huko. Ukishusha gari, mpira umeshasokotwa nyuzi 15 hata kabla hujawasha injini, na unabaki hivyo usiku na mchana. Ukipiga tuta linaloinua mkono nyuzi 10 zaidi, mpira unabeba 25 badala ya 10. Nyufa zinaanza mapema, na kila tuta linazirefusha. Isitoshe, mpira uliosokotwa unasukuma kama springi ndogo, kwa hiyo gari linaweza kukaa juu kidogo kuliko inavyotakiwa. Hata ukipima alaimenti, unapima uongo.

Ufanyeje basi? Inua gari, liweke kwenye stendi imara; usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Toa bushi za zamani kwa presi. Ukiingiza mpya, sukuma bomba la nje tu, maana ukisukuma la ndani unachana mpira siku ya kwanza. Rudisha boliti, lakini zifikishe tu, usizikaze. Kisha shusha gari lisimame kwa uzito wake kwenye magurudumu, libonyeze mara kadhaa litulie, ndipo ukaze kwa kipimo cha kitabu cha gari. Kama spana haifiki, tumia rampu au shimo la gereji, bora magurudumu yawe yamebeba uzito.

Na zile za poliyurethani? Nyingi hazigandishwi kwenye chuma. Bomba la ndani linateleza ndani yake, kwa hiyo hazisokotwi namna hii. Nazo zina masharti yake: zinataka grisi ya kufaa, na kwa kuwa ni ngumu zaidi, mtikisiko mwingi wa barabara unakufikia wewe uliyekaa.

Jamaa yangu alirudi duka lile lile, akanunua bushi zile zile, akazikaza gari likiwa chini. Mpaka naandika haya bado zinadunda. Gari moja si utafiti, najua. Lakini kabla hujamlaumu muuzaji, muulize kwanza fundi wako: boliti ya mwisho aliikaza gari likiwa limekaaje?