Vipele Vyenye Homa: Tiba Isiishie Kwenye Ngozi

Mwaka 1964 daktari wa ngozi wa Plymouth, Uingereza, Robert Douglas Sweet, aliandika habari za wanawake wanane waliopatwa na homa ya ghafla pamoja na vivimbe vyekundu vyenye maumivu. Maradhi hayo, yaitwayo hadi leo sindromu ya Sweet, hutokea zaidi usoni, shingoni na mikononi. Chembe nyeupe za damu aina ya nyutrofili, ambazo kazi yake ni kupambana na bakteria, hujazana ndani ya ngozi ilhali bakteria wa kupambana nao hawapo.

Ni maradhi adimu. Wengi huyapata baada ya mafua au maumivu ya koo, wengine kutokana na dawa fulani. Lakini takriban mgonjwa mmoja kati ya watano huwa na saratani, na mara nyingi ni ya damu, hususan lukemia. Vipele vyaweza kuitangulia kwa miezi kadhaa kabla haijagunduliwa.

Hapo ndipo penye hatari. Antibiotiki haziviondoi, ilhali vidonge vya prednisoloni huleta nafuu ndani ya siku chache tu. Mgonjwa humshukuru Mola wake, akarejea katika shughuli zake, na damu haijapimwa.

Wengi wetu hudhani ni mzio. Mzio huwasha; vivimbe hivi huuma vikiguswa. Katika ngozi nyeusi wekundu huenda usionekane kabisa, bali rangi ya zambarau au weusi uliokoza. Wengine hudhani ni husuda. Kisomo ni kheri, ila kisicheleweshe hospitali, kwani Mtume (S.A.W.) ametuamuru kutafuta tiba.

Wapo pia akina mama wanaovificha kwa kuona haya. Haya ni sehemu ya imani, lakini wanazuoni wameruhusu tabibu kuangalia mahali panapohitaji tiba, kwa kadiri ya haja, akitangulizwa tabibu mwanamke anapopatikana.

Basi anayeugua hivyo aombe kipimo kamili cha chembe za damu, na kipande kidogo cha ngozi kipelekwe maabara. Iwapo pia anachoka mno, anapungukiwa damu au anapata michubuko isiyo na sababu, asingoje. Maradhi haya yana tabia ya kurudi. Yakirudi, damu ipimwe tena, hata kama mara ya kwanza ilikuwa salama.