Omikroni Ilipoijaribu Chanjo

Novemba 2021, wataalamu wa maabara mkoani Gauteng, Afrika Kusini, walianza kuona jambo lisilo la kawaida. Kipimo cha PCR walichokitumia kupimia UVIKO-19 husaka sehemu tatu za vinasaba vya kirusi. Katika sampuli nyingi, sehemu mbili zilionekana vizuri, lakini ya tatu, inayohusika na protini ya miiba, haikuonekana kabisa. Sampuli zikasomwa vinasaba vyote. Tarehe 24 Novemba Shirika la Afya Duniani (WHO) likaarifiwa, na siku mbili baadaye aina hiyo mpya ya kirusi ikapewa jina: Omikroni.

Kwa miiba hiyo kirusi hujinasa kwenye seli za mwili na kuingia ndani. Ni miiba hiyohiyo ambayo chanjo nyingi huufundisha mwili kuitambua. Kila kirusi kinapozaliana hunakiliwa herufi zipatazo 30,000 za vinasaba, na makosa hayakosi kutokea. Mengi hayana athari yoyote. Machache hukinufaisha kirusi: kitaambukiza kwa urahisi zaidi, au kitazikwepa kingamwili. Omikroni ilikuwa na mabadiliko zaidi ya 30 kwenye mwiba peke yake.

Afrika Kusini ilikwisha kuonja machungu ya mabadiliko kama hayo. Mwishoni mwa 2020 wanasayansi wake walitangaza aina iliyokuja kuitwa Beta. Tarehe 1 Februari 2021 dozi milioni moja za chanjo ya AstraZeneca ziliwasili kutoka India. Kabla wiki haijaisha, jaribio lililohusisha watu wapatao 2,000, wengi wao vijana, lilionyesha kwamba kinga yake dhidi ya ugonjwa mwepesi na wa wastani wa Beta ilikuwa ndogo sana. Serikali ikasitisha mpango wa kuzitumia dozi hizo na kugeukia chanjo ya Johnson & Johnson.

Omikroni ilikuja na mtihani mpana zaidi. Desemba 2021 kampuni ya bima ya Discovery Health ilitoa hesabu za wanachama wake waliopata dozi mbili za Pfizer. Kinga dhidi ya kuambukizwa ilikuwa imeshuka kutoka asilimia 80 hadi 33. Kinga dhidi ya kulazwa hospitalini ilishuka pia, lakini ilibaki asilimia 70.

Watu wengi walitazama namba ya kwanza tu wakasema chanjo haifai kitu. Namba ya pili ndiyo iliyookoa maisha.

Tofauti hiyo ina sababu. Kingamwili, zinazozuia kirusi kisiingie kwenye seli, hupungua miezi michache baada ya chanjo, na hulenga sehemu chache za mwiba, zile zile zilizobadilika. Seli T hufanya kazi nyingine: huzitambua seli zilizokwisha ambukizwa na kuziua, zikitumia vipande vingi vya mwiba ambavyo havikuguswa na mabadiliko. Watafiti wa Cape Town walikuta kwamba asilimia 70 hadi 80 ya mwitikio wa seli T ulibaki mbele ya Omikroni. Ndiyo maana aliyechanjwa aliweza kuugua mafua na homa nyumbani, akapona bila kuhitaji oksijeni.

Asiyechanjwa hakuwa na akiba hiyo. Mapema mwaka 2022 Omikroni iliingia Hong Kong, mji ambao wazee wake wengi walikuwa hawajachanjwa. Kwa wiki kadhaa, vifo vyake kwa kulinganisha na idadi ya watu vilikuwa miongoni mwa vingi zaidi duniani, na wengi waliokufa walikuwa wazee hao. Kirusi kilichoitwa chepesi kiliwaua kwa maelfu.

Tangu hapo watengenezaji wameibadilisha chanjo mara kadhaa ili ifanane na kirusi kinachozunguka: 2022 iliongezewa sehemu ya Omikroni, 2023 ikalenga XBB.1.5, na 2024 ikalenga jamaa ya JN.1, zote zikiwa matawi ya Omikroni. Kila badiliko hutegemea nchi fulani kusoma vinasaba na kutangaza matokeo mapema. Afrika Kusini ilipofanya hivyo, Uingereza, Marekani na Umoja wa Ulaya ziliiwekea vikwazo vya safari ndani ya siku chache. Rais Cyril Ramaphosa alivipinga hadharani, na alikuwa na haki: nchi inayoadhibiwa kwa kusema ukweli itasita kusema safari nyingine, na dunia itachelewa kuirekebisha chanjo inayowakinga wazee na wagonjwa wake.