Sarafu yako ina hitilafu? Ithibitishe kabla ya kuiuza

Mkaazi wa Tuala akirudishiwa chenji dukani na kuona shilingi ambayo picha yake imekaa upande, siku hizi jambo la kwanza ni kuipiga picha na kuituma kwenye kundi la WhatsApp. Kabla ya jua kutua anaweza kupata "mnunuzi" anayeahidi mamilioni, mradi kwanza atume ada ya usajili kwa M-Pesa. Ada ikishatumwa, mnunuzi hapatikani tena.

Ni kweli kwamba kuna sarafu zenye hitilafu ambazo wakusanyaji hununua kwa bei ya juu kuliko thamani iliyoandikwa. Ni chache, na kuitambua iliyo ya kweli kunahitaji utaratibu.

Sarafu huanza kama kipande cha chuma kisicho na maandishi. Huwekwa kati ya chapa mbili, ndani ya pete inayoshika ukingo, kisha hugongwa kwa nguvu nyingi. Kipande kikikaa vibaya, picha huenda upande mmoja na sehemu nyingine hubaki tupu. Kikikatwa mahali ambapo bamba tayari lilikuwa na tundu, sarafu hutoka kama iliyoumwa ukingoni. Wakati mwingine kipande cha sarafu moja huingia kwenye mashine ya sarafu nyingine. Hitilafu inayosemwa sana na wakusanyaji ni pale chapa mbili zisizo za jozi moja zinapotumika pamoja.

Mfano wa hitilafu hiyo unatuhusu. Mwaka 1936 Mfalme Edward wa Nane alitawala Uingereza kwa miezi isiyofika kumi na moja, kisha akajiuzulu mwezi Desemba. Uingereza kwenyewe hakukutolewa sarafu zake kwa matumizi ya kawaida. Huku kwetu zilitoka, kwa sababu senti tano na senti kumi za Afrika Mashariki zilikuwa na tundu katikati, hazikuhitaji sura ya mfalme, jina lake tu. Baadhi zilichapwa Birmingham na zina herufi H au KN. Katika kazi hiyo, chapa ya upande wenye jina la mfalme ya senti kumi zetu iliunganishwa na chapa ya upande wa pili ya peni ya Afrika Magharibi. Sarafu zilizotoka hivyo zimo katika orodha za wakusanyaji duniani na hutafutwa sana.

Hapa ndipo wengi hukosea. Senti kumi ya kawaida ya mwaka 1936, ile ambayo huenda nyanya yako ameiweka kwenye kopo pamoja na shanga, si adimu. Zilichapwa kwa mamilioni. Jina la Edward wa Nane peke yake halifanyi sarafu iwe na hitilafu, na umri mkubwa haufanyi iwe ghali. Hali ni hiyo hiyo kwa sarafu ya shilingi 40 ya mwaka 2003, iliyotolewa kuadhimisha miaka 40 ya uhuru. Ni ya kumbukumbu, haina kosa lolote, na bado iko mikononi mwa watu wengi.

Uharibifu baada ya sarafu kutoka kiwandani si hitilafu. Sarafu iliyokanyagwa na lori barabara ya Namanga, iliyochomwa moto, iliyokatwa kwa msumeno au iliyotobolewa kwa mkufu ni sarafu iliyoharibika basi. Shilingi kumi na ishirini za vyuma viwili ndizo zenye hila zaidi, maana sehemu ya katikati inaweza kusukumwa nje kwa nyundo. Kuna pia sarafu yenye kichwa pande zote mbili. Karibu zote za aina hiyo zimechongwa na fundi kwa kuunganisha nusu mbili, na ukikagua ukingo wa ndani kwa kioo cha kukuza utauona mshono.

Kwa hivyo anza nyumbani. Tafuta sarafu kumi za aina ileile na mwaka uleule, uziweke kando ya yako. Pima uzito kwa mizani ya sonara inayoonyesha sehemu za gramu. Ya dukani kwa mboga haitoshi, hata ikiwa na stika ya ukaguzi wa idara ya mizani na vipimo. Jaribu sumaku: senti kumi ya mwaka 1936 ni ya shaba nyeusi, na ikivutwa na sumaku ujue ni bandia. Angalia kwa kioo kinachokuza mara kumi. Katika hitilafu ya kweli chuma kimetiririka kwa mgongo wa chapa, hakuna alama za tupa wala mikwaruzo ya kisu.

Usiisafishe. Hakuna ndimu, jivu, dawa ya meno wala steelwool. Sarafu iliyosuguliwa hupoteza ngozi yake ya juu, na mkaguzi ataandika kwamba imesafishwa badala ya kuipa daraja kamili. Ishike kwa ukingo na uiweke kwenye karatasi kavu.

Ikipita majaribio hayo, ndipo ufikirie kuipeleka kwa wataalamu. Kampuni mbili zinazoaminika zaidi ni PCGS, iliyoanza kazi mwaka 1986, na NGC ya mwaka 1987, zote za Marekani. Hukagua kama sarafu ni halisi, huipa daraja kati ya 1 na 70, kisha huifunga ndani ya kasha la plastiki lenye nambari. Nambari hiyo mtu yeyote anaweza kuihakiki kwenye tovuti ya kampuni. Fanya hivyo hata unaponunua, kwani makasha pia hughushiwa.

Gharama ndiyo huwavunja moyo wengi, na ni afadhali kuijua mapema. Kuna uanachama au ada ya wakala, ada ya kila sarafu, nyongeza ya kutambua hitilafu, bima, na usafiri wa kwenda na kurudi. Jumla ni maelfu ya shilingi. Kama sarafu yako ingeuzwa shilingi mia tano, haina haja ya safari hiyo. Usiitie ndani ya barua ya kawaida. Tumia kifurushi chenye bima na utunze stakabadhi za forodha.

Sheria nayo ina neno. Chini ya Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya mwaka 2006, kitu cha kale kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895 hakitoki nchini bila kibali. Hii inagusa pesa za Mombasa za mwaka 1888 zilizotolewa na Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki. Ukichimba msingi ukakuta sarafu za kale ardhini, unatakiwa kuwaarifu Makumbusho ya Taifa ndani ya siku saba. Kanuni za Adhabu nazo zinaharamisha kughushi sarafu na kupunguza chuma cha sarafu halali, hivyo kujitengenezea "hitilafu" kwa tupa kunaweza kukufikisha kortini.

Benki Kuu ya Kenya ikipokea sarafu hukupa thamani iliyoandikwa. Kwa hivyo mtu anayejitambulisha kama afisa wa Benki Kuu anayenunua shilingi moja kwa milioni ni tapeli. Mnunuzi wa kweli hulipa muuzaji, wala haombi ada ya usajili, "kodi ya cheti" au nambari yako ya siri. Ikiwa tayari umetuma pesa, piga simu kwa mtoa huduma wako mara moja uombe muamala usimamishwe, hifadhi ujumbe na nambari zote, kisha upige ripoti kituo cha polisi kilicho karibu na udai nambari ya OB.