Chai ya Kapkatet na Hodi Isiyofungiwa Mlango

Katika miji yetu ya pwani, kutoka Lamu hadi Vanga, mgeni hakaribishwi bila ya chai. Tunaitia tangawizi na hiliki, tukainywa barazani na mahamri, na ni wachache wanaojiuliza majani yale yametoka wapi na yamepita mikono ya nani. Leo, msomaji mpenzi, hebu tuifuate njia yake.

Kapkatet ni mji mdogo katika nchi ya Wakipsigis, penye mvua na baridi, pale Kericho inapokaribia kupakana na Bomet. Wakulima wadogo huchuma majani mawili na kichipukizi chake, wakayapeleka kiwandani papo hapo Kapkatet. Yakisha kusagwa na kukaushwa hutiwa mifukoni, yakaja hadi maghala ya Mombasa. Mnada wa chai umekuwa Mombasa tangu mwaka 1969, na madalali huiuza kila wiki kwa dola za Kimarekani, pamoja na chai ya Uganda, Rwanda na majirani wengine. Kubwa katika chai hiyo huishia Pakistani na Misri.

Kwa miaka mingi wanunuzi walikutana ukumbini. Bei zilitajwa kwa kinywa, nyundo ikagonga, na mambo yakaisha. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, mnada ukahamia katika kompyuta. Hapo ndipo penye kisa chetu. Ukumbini, sauti ya anayeongeza bei husikika na wote kwa pamoja. Je, katika intaneti hufikaje kwa wote papo kwa papo?

Kurasa za intaneti zilizaliwa na tabia ya mgeni mwenye haraka. Kompyuta yako hupiga hodi, hupewa ilichotaka, na mlango ukafungwa. Ukitaka habari mpya, sharti upige hodi tena. Kwa kusoma gazeti tabia hiyo haina dhara, lakini kwa mnada ni balaa: bei imepanda, nawe hujui mpaka uulize. Mwaka 2011 mafundi wa dunia walikubaliana juu ya kanuni iitwayo WebSocket, ambayo huuacha mlango wazi, kila upande ukasema utakapo.

Kijana wa Kapkatet au wa Kisauni anayetaka kujenga chombo cha namna hiyo halazimiki kuanza na kukata mti msituni. Zipo maktaba za programu, yaani kazi iliyokwisha kuchongwa na wengine, kama mbao zilizo tayari kwa fundi seremala. Mojawapo ni Socket.IO, iliyotoka mwaka 2010, na kuitumia ni bure. Huwaweka wasemaji katika vyumba, habari ya chumba kimoja isiingie cha pili, na mtandao ukikatika, hujaribu yenyewe kuunganisha upya.

Lakini mbao si nyumba. Maktaba hii, ikiachwa kama ilivyo, hufikisha ujumbe mara moja au isiufikishe kabisa. Umeme ukizimika mnunuzi anapobonyeza, bei yake yaweza kupotea njiani. Naye akibonyeza tena kwa wasiwasi, yaweza kuhesabiwa mara mbili. Kwa hiyo fundi mwaminifu hukipa kila kiwango cha bei namba yake, huandika daftarini saa kilipofika, na humrudishia mwenyewe jibu la kwamba kimepokewa. Hiyo ni amana, maana anayepunjwa hayumo mnadani: yuko Kapkatet, kikapu mgongoni.

Tena kuna jambo la njia. Zamani ujumbe wa kutoka Nairobi kwenda Nairobi uliweza kupandishwa kwenye setilaiti, umbali wa kilomita 36,000 hivi juu yetu, ukashushwa ng'ambo, kisha ukarejea. Mwishoni mwa mwaka 2000 makampuni ya intaneti yalifungua kituo cha kubadilishana mawasiliano humu humu nchini. Kikafungwa kwa amri baada ya siku chache, kikafunguliwa tena mwaka 2002. Mwaka 2009 nyaya za baharini zikatua Mombasa, mmoja ukitokea Fujaira, katika Ghuba ile ile ambako majahazi yetu yalikuwa yakifuata pepo za msimu.

Basi njia ipo, na mbao zipo. Kilichobaki ni mikono na uaminifu. Wahenga walisema, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Katika mnada wa leo kuchelewa huko ni kwa nukta moja tu, na mwana ni jasho la mtu. Ukiinua kikombe chako alasiri ya leo, mkumbuke.