Antena au intaneti? Piga hesabu kabla hujanunua boksi la TV

Krismasi iliyopita nilimpelekea Mama zawadi nyumbani Suneka: boksi dogo jeusi la TV, lile linalotumia intaneti. Nililiunganisha na bando za simu yake, picha ikaja safi kabisa. Nikarudi Nairobi nikijiona mtoto bora.

Niliporudi nyumbani mwezi wa nne, boksi lilikuwa limefunikwa kitambaa. "Hiki kitu chako kinakula sana," Mama akaniambia. Tukafungua taarifa ya miamala kwenye simu yake. Bando ya 50, bando ya 20, bando ya 100, karibu kila siku. Kwa miezi mitatu zilikuwa Sh4,350. Hiyo ni pesa ya ndizi anazouza sokoni! Na bado bando ilikuwa ikimwishia katikati ya taarifa ya habari ya saa moja.

Kosa lilikuwa langu. Niliangalia bei ya boksi, sikuangalia ni nani atakuwa analipa baadaye, na mara ngapi. Ndiyo maana leo tunalinganisha njia hizi mbili kwa lugha ya mfuko.

Antena: unalipa mwanzoni, basi

Tangu Kenya ilipozima matangazo ya analojia mwaka 2015, TV inahitaji mtambo wa kupokea mawimbi ya kidijitali. Mtambo huo unaweza kuwa king'amuzi, yaani dikoda kama wengi tunavyoiita, au uwe tayari ndani ya TV yako. Angalia kama TV au kartoni yake imeandikwa DVB-T2. Ikiwa imeandikwa, huenda huhitaji dikoda. Unahitaji antena tu.

Ukitumia dikoda isiyo ya kulipia, stesheni za bure kama KBC na Citizen zinaingia bila malipo ya mwezi. Gharama yako ni dikoda, antena, waya na fundi.

Shida ya antena huku kwetu Kisii ni milima. Wewe unaweza kuwa bondeni huna kitu, na jirani aliye juu kidogo anapata stesheni zote. Tena kidijitali si kama zamani ambapo picha ilikuja na chengachenga ukavumilia. Mawimbi yakiwa hafifu, picha inakatikakatika au inapotea kabisa. Kwa hivyo:

- Kabla ya kununua, tembea kwa majirani wawili watatu. Uliza wanapata stesheni gani, na uangalie antena zao zimeelekea wapi.
- Nyumba ya mabati huzuia mawimbi. Antena ya nje, juu ya mlingoti, hufanya kazi vizuri kuliko ya kuweka juu ya TV.
- Usiweke mlingoti karibu na nyaya za stima. Na sote tunajua radi ya Kisii haina mchezo: mvua ikianza kutanda, chomoa TV kwenye stima na uchomoe waya wa antena mapema. Radi ikishaanza, usiziguse.

Intaneti: boksi ni rahisi, chakula chake ndicho ghali

Boksi la intaneti linakupa YouTube, filamu, mahubiri, hata stesheni kadhaa za Kenya moja kwa moja. Unachagua cha kutazama na wakati wa kukitazama. Milima si shida, mradi mtandao wa simu au Wi-Fi uko sawa.

Lakini kila dakika inalipiwa. Netflix wenyewe wamekadiria kuwa picha ya kawaida hutumia takriban GB 1 kwa saa, na picha safi ya HD hadi GB 3. Familia inayotazama saa mbili kila siku itatumia takriban GB 60 kwa mwezi kwa picha ya kawaida. Kwa HD inaweza kufika GB 180. Sasa chukua bei ya bando unayonunua, uzidishe.

Ukiwa na Wi-Fi ya kulipia kwa mwezi, hesabu inabadilika kwa sababu malipo ni yaleyale hata mkitazama mchana kutwa. Hapo uliza kwanza kama kuna kiwango ambacho ukikipita kasi inapunguzwa.

Jambo lingine kwa wapenda mpira: mechi ya intaneti huchelewa kidogo. Utasikia jirani wa antena akishangilia bao wakati kwako mpira bado uko katikati ya uwanja.

Na usidanganywe na jina "TV box". Mengi hayana tundu la antena. Geuza nyuma uangalie kabla ya kulipa.

Jinsi ya kuamua

1. Omba taarifa ya miamala yako ya miezi mitatu kwenye menyu ya simu. Jumlisha bando zote.
2. Linganisha jumla hiyo na bei ya antena, dikoda na fundi.
3. Kama mnatazama zaidi habari, mpira na vipindi vya stesheni za hapa, na jirani anapata mawimbi, anza na antena. Kama tayari una Wi-Fi ya mwezi, boksi la intaneti lina maana.

Ukifika wakati wa kulipa, soma jina linalotokea kwenye skrini kabla ya kuthibitisha malipo. Fundi mlipe baada ya kuona picha, na uhifadhi ujumbe wa malipo, ndio risiti yako. Mtu akikupigia akidai dikoda yako itazimwa usipomtajia namba ya siri, kata simu.

Kwa Mama tuliweka antena kwenye mlingoti nyuma ya jikoni. Sasa anatazama habari ya saa moja hadi mwisho. Boksi langu lipo bado. Nikienda nyumbani nalifunua, nanunua bando mwenyewe.

Leo jioni, kabla ya kununua bando nyingine, fungua taarifa yako ujumlishe. Huenda antena yako ilishalipiwa kitambo, ila kwa bando.